Chumvi ya Wari wa Isanghwi

Kwa miaka yote ile, tangu reli ilipofika Dodoma mpaka vita vya Wadachi na Waingereza vilipopamba moto, Tabu hakumwitikia salamu wifi yake Mgeni hata mara moja. Wakikutana asubuhi kwenye njia ya kisimani, Mgeni husema, "Mbukwa, wifi," kwa sauti tamu kama asali ya wizi. Tabu anamgeukia ng'ombe yeyote aliye karibu, anamjibu ng'ombe.

"Mbukwa, mama. Umeamkaje? Wewe angalau ukinya, unanya hadharani. Humsingizii mwenzio."

Kisha anajitwisha mtungi wake anakwenda zake, shingo imenyooka, na wanawake walio nyuma wanabaki wameziba midomo kwa kaniki. Kicheko chao hakikumfurahisha. Walikuwa ni hao hao waliomtoa kambini.

Kambi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kiangazi, uwele ukishaingia kwenye vilindo, wanawake wa Isanghwi waliwachukua wasichana waliovunja ungo pamoja na wake wapya wa mwaka ule, wakashuka nao mbugani upande wa Bahi, pale ardhi inapotoa unga mweupe kama uso wa mtu aliyelalia majivu. Mwanamume haendi. Hata mbwa dume alifukuzwa kwa mawe. Huko wari walifundishwa kukwangua udongo ule, kuuchuja kwa maji kwenye makapu ya magome, na kuchemsha maji yake mpaka chumvi itoke. Chumvi ndiyo iliyokuwa shamba la pili la Isanghwi. Mvua ikikataa, watu wa Kondoa wanashuka na mtama wao, wanabadilishana. Na kwa kuwa chumvi huchemka polepole, mdomo haukai bure. Palepale motoni mwari alifundishwa kuni chache zinavyotosha siku nzima, mtoto anavyolishwa mwaka wa njaa, mama mkwe anavyonyamazishwa bila tusi, na mume mwongo anavyosimama mlangoni. Asiyepita mbugani walisema hajala chumvi. Asiyekula chumvi haolewi Isanghwi, labda aolewe na kichaa.

Mkuu wa mafundisho yote hayo aliitwa mama wa vyungu, na mama wa vyungu alikuwa Tabu. Mkali huyo! Mwari akimwaga maji ya chumvi, alipigwa kwa ulimi mpaka akatamani fimbo. "Mkono huo wa kumwaga ndio utakaobeba mtoto? Basi mtoto wa watu ameshavunjika." Walimwogopa, na walimwamini kuliko mama zao, maana siku ya kuingia alimwekea kila mmoja punje ya chumvi ulimini akamwambia, "Utakaloniletea kwenye moto huu, silitoi nje ya moto huu." Na hakuwahi kulitoa. Neno hilo ndilo lililokuja kumfunga kamba.

Mwaka ule wa reli, siku ya kupika vyungu vya mwisho, jua likiwa utosini, Sechelela alimfuata Tabu ameshika tumbo. Sechelela alikuwa binti wa Mgeni, mwari wa mwaka ule, mtoto mpole wa kucheka kwa pua. Siku hiyo hakucheka. Tabu akamtazama mara moja tu, akajua. Msichana alikuwa na mimba, na mimba yenyewe ilikuwa inatoka.

Mwari kushika mimba kabla hajatolewa mbugani, kwa Isanghwi hapakuwa na balaa kubwa kuliko hilo. Ng'ombe watatupa ndama, walisema, mvua itapita pembeni. Msichana wa namna hiyo alivushwa mpaka wa nchi na nguo aliyovaa, na habari zake haziulizwi tena. Tabu akamwita msaidizi wake, na msaidizi wake alikuwa Mgeni.

"Wifi, shika vyungu. Nina mwari anaumwa, nampeleka kando."

"Mwari gani?"

"Mwari. Sikiliza. Chumvi ikianza kuganda, itoe ingali na majimaji, itie kapuni ichuruzike. Maji yatakayobaki chini ya chungu ndiyo yenye uchungu. Yamwage mbali, hata mbuzi wasiyalambe. Usingoje chungu kikauke."

"Nimepika chumvi tangu sijaota maziwa, wifi."

"Sijakuuliza ulianza lini. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisikia, hakutenda. Msaidizi wa mama wa vyungu alipata fungu lake kwa wingi wa makapu, na chungu kikikaushwa chote kinajaza zaidi. Mgeni akaacha vyungu vikauke. Akakwangua mpaka chini kabisa, uchungu wote ukaingia kapuni, akauchanganya na chumvi njema ya siku zilizotangulia. Ukiitazama, chumvi. Ukiigusa kwa ncha ya ulimi, chumvi. Ikishakaa tumboni ndipo inapojitambulisha.

Tabu aliporudi jua lilikuwa linazama, kaniki yake ina damu. Sechelela alilazwa pembeni, wakaambiwa ni homa. Makapu yalikuwa yameshafungwa.

Watu wa Kondoa wakaja, wakapima, wakatoa mtama wao, wakaondoka na chumvi. Hawakufika hata nusu ya njia. Walirudi macho yamezama, wengine wameshika viuno vyao kwa mikono miwili. Waliimwaga chumvi yote mlangoni mwa kijiji, wakachukua mtama wao mpaka punje ya mwisho. Mzee wao alitaka kutukana lakini hakuweza kumaliza. Alikatiza matusi akakimbilia kichakani, akarudi, akaanza upya, akakimbia tena. Na mvua ya mwaka ule ikakataa. Isanghwi ikala mizizi, ikauza ndama, ikazika.

Sasa mzigo kama huo lazima apatikane wa kuubeba.

Wanawake walikaa kikao. Aliyeongoza alikuwa Bibi Raheli, mkubwa wao wote, aliyebatizwa uzeeni na maji ya ubatizo yasiufikie ulimi. Mgeni akasimama wa kwanza, kama wanavyosimama wenye makosa.

"Mimi namwonea haya wifi yangu," akasema, "lakini watoto wamekufa njaa. Alikwenda kwenye vyungu akiwa na siku zake. Kaniki yake niliiona kwa macho haya."

Wanawake wakaguna. Mwiko wa kwanza anaofundishwa mwari ni huo: mwenye damu hasogelei chungu, anabaki kwenye kukwangua udongo. Na mama wa vyungu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiufundisha.

"Tabu," akauliza Bibi Raheli, "damu ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Ni yako?"

Tabu akatazama nyuma ya watu, mahali walipoketi wari. Sechelela alikuwa amekazia macho vidole vyake vya miguu, anatetemeka mpaka shanga za kiunoni zinalia. Msichana akainua macho kidogo, akayashusha.

"Nakuuliza, ni yako?"

"Niulizeni habari ya vyungu. Nani alivikausha?"

"Hee!" Mgeni akapiga kofi. "Vyungu vina mama yao. Mama wa vyungu ni mimi?"

Msidhani Tabu alinyamaza kwa huruma. Huruma hakujaliwa nyingi. Alinyamaza kwa sababu lile neno lake kwa wari ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Siku akilitoa nje ya moto, hakuna binti atakayemwambia kitu tena, na mwalimu asiyeambiwa kitu anafundisha mawe. Halafu alidhani msichana atasema mwenyewe. Alingoja. Msichana hakusema, na kikao kikaisha.

Wakamtoa. Vyungu akapewa Mgeni. Jina jipya la Tabu likawa Mharibu Chumvi, na watoto wakaliimba njiani: "Mharibu Chumvi, mlenda wako umekolea?" Hilo lote angelimeza. Lililomkaa kooni ni binti yake. Walisema mtoto wa mwenye mkono mchafu asiwachafulie wengine, wakamkataa kambini kiangazi kilichofuata na kile cha baada yake. Kijana aliyekuwa anamtaka akaja na mama yake, mama akanywa togwa ya watu, akafuta mdomo, akasema, "Msichana mzuri. Lakini asiyekula chumvi atamlea nani?" Wakaenda zao.

Binti akakasirika akaenda misheni. Kule mke wa mwalimu alikuwa akiwafundisha wasichana kushona, kupika sabuni kwa mafuta na majivu, kumwosha mtoto masikio bila kumtia maji kichwani. Mafundisho mazuri, nani atakataa. Alirudi na sindano, na jina la Loisi. Isanghwi wakashonesha kwake nguo zao zote zilizochanika, wakasema asante, na hakuna aliyemtaka kwa mwanawe. Sechelela naye, kwa kuwa alikuwa amekula chumvi yake yote, aliolewa na mwana wa Bibi Raheli, akazaa, akanenepa. Kila mwaka alimletea Tabu kibuyu cha maziwa, akakiweka mlangoni bila kuingia. Tabu akawapa mbwa.

Basi vita vikaja. Chumvi ya pwani haikupanda tena kwenye treni. Akida Bushiri, mtu wa mjini, kanzu yake nyeupe hata mwaka ambao watu hawana maji ya kunywa, akaleta amri kutoka bomani: Isanghwi itoe mizigo ya chumvi kwa ajili ya askari wa vitani. Mizigo mingi, siku chache. Mgeni akawashusha wari mbugani mbio mbio. Msaidizi wake mwaka ule alikuwa Sechelela, mtoto wa tatu mgongoni. Mizigo ikajaa, ikapelekwa.

Bushiri alirudi na askari wawili na kamba.

Kijiji kizima kiliitwa kwenye uwanja wa zizi, wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja. Bushiri hakuketi. Mmoja wa askari wake alikuwa na uso wa kijivu, amejishika ubavu.

"Askari wa serikali wanaharisha njia nzima," Bushiri akasema. "Bwana mkubwa anasema ni sumu, na kwamba nyinyi mmekula njama na adui. Sumu wakati wa vita, mnajua dawa yake. Nani amepika?"

Mbuzi alikuwa analia mahali fulani, mwenye naye hakuthubutu kwenda kumfungua.

"Mimi ndiye mama wa vyungu, bwana akida," akasema Mgeni. "Lakini nilipika vizuri. Kuna mtu hapa ana mkono mchafu. Yule. Tabu. Ana kinyongo nasi tangu mwaka wa reli, aliharibu chumvi ya kijiji. Alionekana anapita mbugani."

"Alitia nini?"

"Mimi nitajuaje alichotia? Uliza watu kama hakuharibu mwaka ule."

Bushiri akauliza watu. Watu wakatazama chini, na kutazama chini ni jibu. "Mfungeni," akasema.

Askari wakamfunga mikono nyuma. Loisi akapiga ukelele, akataka kupita kwa nguvu, mwanamume mmoja akamshika kiuno.

"Nyamaza, Loisi," Tabu akasema. "Ukilia watadhani wamefanya kitu." Kisha akamgeukia akida. "Shikamoo, bwana. Nikuulize. Wamekufa askari wangapi?"

"Ninayeuliza ni mimi."

"Basi jiulize."

Mtu akacheka nyuma, akajidai anakohoa. Bushiri akanyanyua kiboko, lakini yule askari wa uso wa kijivu alikuwa ameshajibu kabla hajaulizwa. "Hajafa mtu," akasema kwa uchovu. "Tunatamani tu."

"Hajafa mtu," Tabu akasema. "Sasa sumu gani hiyo ya kumpeleka mtu kichakani na kumrudisha?"

"Kwa hiyo unaijua." Bushiri alisogea mpaka karibu naye kabisa. "Wewe ndiye uliyeitia, ndiyo maana unaijua."

Hapo Tabu aliona ameingia mwenyewe mtegoni. Kamba ilikuwa imemkaza mpaka vidole vimekufa ganzi.

"Naijua. Lakini nikisema mimi, watasema ni ulimi wa Mharibu Chumvi. Muulize aliyesimama motoni. Kulikuwa na mama wa vyungu na msaidizi wake. Mama umeshamsikia."

Macho yote yakamwendea Sechelela. Alikuwa anambembeleza mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa analia.

"Mwanangu hajui kitu," Mgeni akadakia.

"Mama..."

"Nyamaza wewe! Unataka waniue?"

"Na huyu aliyefungwa je?" Sechelela akasema. Ilikuwa mara ya kwanza Isanghwi kusikia sauti yake kubwa. "Vyungu vilikauka, bwana akida. Si sumu. Ni maji machungu ya chini, ilibidi yamwagwe, hayakumwagwa. Nilimwambia mama. Akasema mizigo ni mingi, siku hazitoshi, na askari hawajui tofauti."

"Sasa tunaijua," yule askari akasema.

Bushiri akachota chumvi kwenye mzigo uliorudishwa, akaiweka ulimini, akaiacha ikae. Uso ukamkunjika polepole, akatema mate mara tatu. Hakupenda kuonekana amekosea mbele ya watu wa porini, lakini alipenda zaidi kurudi bomani na chumvi kuliko kurudi na kikongwe.

"Inaponyeka?"

"Iyeyushwe, ichujwe, ipikwe upya," Sechelela akasema. "Lakini mikono yangu haitoshi. Mzigo wote huu, nami niliyemsaidia motoni ni mama tu." Akamtazama Tabu, akashindwa kuendelea.

"Mfungueni," Bushiri akasema. "Mwezi ukiandama nitakuja. Nikionja uchungu, nachukua wanawake waliopika na waume zao, na kiboko hakitauliza nani mama wa nini." Akaenda zake, na askari wake nyuma, mmoja anatembea upande.

Tabu akajisugua mikono, akaenda nyumbani kwake. Hakuna aliyemwambia pole. Hawakuwa wabaya kiasi hicho, walikuwa na haya.

Siku ya pili wanawake walikuja kwenye tembe yake, Bibi Raheli mbele na fimbo yake. Tabu alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, anakitikisa, moshi unamtoka mikononi.

"Mbukwa."

"Mbukwa."

"Tumekuja, mwenzetu. Vyungu vinakungoja."

"Mwaka wa reli mlisema mkono wangu mchafu. Leo umeogea wapi?"

"Lile limeshaonekana," akasema mmoja. "Mgeni alikausha vyungu, binti yake amesema."

"Amesema vya mwaka huu. Mwaka ule mlinitoa kwa damu. Damu ile ilikuwa ya nani? Semeni, niende."

"Sema wewe, si kaniki ilikuwa yako?" akasema Mgeni. Alikuwa amesimama nyuma, amejifunika. Hata siku ile hakuacha. "Mwaka huu nimekosa mimi kwa haraka, sikatai. Mwaka ule ulikuwa wewe kwa uchafu. Kila mtu na lake."

Tabu akaweka kibuyu chini. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Damu ni ya binti yako, mjinga wewe, uliyemzaa mwenyewe. Lilikuwa jepesi kulitoa, na hakuna ambaye angemlaumu. Akauma meno.

"Mimi sisemi. Na vyungu sigusi."

"Tabu!" Bibi Raheli akagonga fimbo. "Wanaume wetu wapigwe viboko kwa ajili ya jina lako?"

"Jina langu lilipopigwa ulikuwa umeketi, bibi. Wewe ndiye uliyekuwa umeketi katikati."

Wakaondoka wanamlaani. Hata Loisi alimlaani, kwa namna yake. "Mama, kama hawasemi kamwe?"

"Basi."

"Basi nini? Watu watachukuliwa."

"Shona nguo zako."

Lakini asidhani mtu Tabu alilala. Mwezi ulikuwa unakonda. Alasiri moja alijikuta amefika ukingo wa mbuga bila kukusudia. Aliwaona kwa mbali wakihangaika kwenye moshi, wari wamekaa hovyo hovyo, mmoja anatia kuni mbichi, mwingine anakoroga chumvi iliyoanza kuganda, kitu kisichokorogwa hata na mtoto. Mkono ulimwasha. Alipiga hatua mbili. Kisha akamwona Mgeni ameshika kata ya mama wa vyungu, akageuka akarudi, na njia nzima alikuwa anagombana na mtu asiyekuwapo.

Alimkuta Sechelela mlangoni kwake. Safari hii hakuja na maziwa.

"Shikamoo, mama."

Tabu hakujibu. Na ng'ombe hakuwapo wa kujibiwa.

"Twende mbugani. Nitasema."

"Mama mkwe wako yuko kule."

"Najua."

"Atakuvusha mpaka."

"Nina watoto watatu. Siku zile nilikuwa peke yangu na bado nikaogopa. Siku ya akida nilikuona umefungwa kamba nikajua nimekufunga mimi, tangu siku nyingi." Alikuwa analia bila sauti. "Ningalisema mapema, mama, lakini kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi."

"Kila mwaka uliopita ulikuwa wangu pia," Tabu akasema. Akachukua kaniki yake, akamwambia Loisi awafuate, akatangulia.

Walipofika, Bibi Raheli akaamuru vyungu vishushwe. Wanawake na wari wakaketi duara. Mgeni alimwona binti yake anasimama katikati, akajua, maana mama hujua hata lile asilotaka kulijua. Akasema kwa sauti ndogo, "Sechelela, mwanangu, keti." Sechelela hakuketi.

"Mwaka wa reli nilikuwa mwari hapa," akasema. "Nilikuwa na mimba. Ilitoka siku ya vyungu vya mwisho, pale kwenye miiba. Mama huyu alinishika tangu jua la utosini mpaka likazama. Alinifunga kwa kaniki yake. Damu ile mliyomtolea ilikuwa yangu. Aliniambia hatalitoa neno nje ya moto, na hakulitoa, hata mlipomtoa yeye."

Moto ulilia. Mama mmoja akamvuta binti yake karibu kana kwamba balaa lina miguu. Wote wakamtazama Bibi Raheli, maana ndiye mwenye kikao na ndiye mwenye mkwe.

Bibi kizee akachezesha fimbo mchangani.

"Ng'ombe wangu hawakutupa ndama mwaka ule," akasema mwishowe. "Mvua ilikataa, lakini ilikataa hata kwa Wamasai, nao hawakuwa na mwari wetu. Nilikupa mwanangu, ukanipa wajukuu watatu. Nikikuvusha mpaka, nani atawalea? Mimi? Mgongo wenyewe huu?" Akawazungukia wanawake. "Lililosemwa hapa ni la moto huu. Atakayelitoa nje, nitamvusha mpaka mimi mwenyewe, kwa fimbo hii. Wewe keti, mtoto."

Kisha akamgeukia Mgeni.

"Wewe. Ulimwona ana damu. Uliuliza ya nani?"

Mgeni hakumtazama Bibi Raheli wala Tabu. Alikuwa anamtazama binti yake, na uso ulikuwa umevunjika kama chungu kilichotiwa maji baridi.

"Sikuuliza," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilishakausha vyungu." Sauti ilikuwa haisikiki, Bibi Raheli akagonga fimbo, akalazimika kurudia kwa nguvu, mbele ya wari wote. "Nilikausha vyungu nipate makapu. Watu wa Kondoa waliporudi niliogopa. Nilikumbuka kaniki. Nikasema ile. Tabu hakukosa kitu. Ni mimi."

Basi lilikuwa limesemwa. Wanawake wakamgeukia Tabu, wengine wanalia, wengine wamenyoosha mikono kama watu wanaotaka kupewa kitu. Na Mgeni akaja kwa magoti, mchanga mweupe umemshika mpaka mapajani.

"Wifi. Unanisamehe?"

Tabu alimtazama. Alikuwa amesubiri siku ile kwa muda mrefu hata akaitungia maneno, maneno makali ya kuchuna ngozi, na sasa aliyatafuta akakuta mengi hayana kazi tena. Lakini msamaha nao alipoutafuta hakuuona.

"Sikuitwa huku kusamehe," akasema. "Niliitwa kufundisha. Weka kata hiyo chini."

Mgeni akaiweka.

"Nenda kwa wari. Pale mwisho, nyuma ya yule mwenye pua inayotoka kamasi. Loisi yuko njiani anakuja, atakaa mbele yako." Mgeni akasita, akawatazama wenzake wa rika lake, hakuna aliyemtetea. "Umesikia au hukusikia? Safari hii nakuuliza mara moja tu."

Mgeni akaenda, akaketi kati ya wasichana wanaoweza kuwa binti zake, akafungua mdomo apewe punje yake ya chumvi. Tabu akaiweka. Hakumwekea polepole.

Kisha akakunja kaniki yake kiunoni, akaokota kata, akachungulia chungu cha kwanza. "Nani amekoroga hii?" akauliza, na wari wote wakatazama chini.